Tenki la plastiki limepasuka: kwa nini supagluu, epoksi na gundi ya PVC zote zinabanduka?

Kisima_Kirefu:

Wakuu, naomba msaada, na naomba sababu yake pia, si jina la gundi tu.

Tenki la maji la lita 1,000, plastiki nyeusi, lina ufa wa sentimita 12 unaoanzia kwenye tundu la koneksheni ya chini na kupanda juu. Ukuta una unene wa milimita 6 hivi. Vimeshajaribiwa vitu vitatu, kila kimoja baada ya kukausha na kupangusa kwa spiriti.

Supagluu na magadi soda: imekuwa ngumu kama jiwe ndani ya sekunde chache, ila ukiichokonoa kwa ukucha kinatoka kipande kizima.

Epoksi ya mirija miwili, imeachwa saa 24: siku ya pili jua lilipowaka imebanduka yote kama gamba. Upande uliokuwa umegusa tenki ni laini, unang'aa kama kioo.

Gundi ya mabomba ya PVC: imekauka ikawa utando, unauvuta unatoka wote kama utando wa maziwa yaliyochemshwa.

Sasa, bomba la PVC lililounganishwa kwa gundi hiyo hiyo linahimili presha miaka na miaka. Zote si plastiki? Tofauti iko wapi, na ufa huu unazibika au hauzibiki?

---

KaboniNne:

Huo upande unaong'aa kama kioo umeshajibu nusu ya swali. Gundi ikikatika katikati, nusu ikabaki huku na nusu kule, hapo gundi ndiyo dhaifu. Ikitoka nzima na kuacha uso mtupu, gundi haina kosa. Haikupata cha kushika.

Tenki hilo ni poliethilini. Mnyororo wake ni kaboni iliyofuatana na kaboni maelfu kwa maelfu, kila moja imebeba hidrojeni mbili: CH2, CH2, CH2. Ndani ya mnyororo, atomu zimefungwa kwa bondi za kovalenti, na kuikata bondi moja ya kaboni na kaboni kunahitaji takriban kilojuli 347 kwa kila moli. Hizo ni imara. Lakini kati ya mnyororo na mnyororo hakuna bondi yoyote. Kaboni na hidrojeni zinavuta elektroni karibu sawa (2.55 kwa 2.20 kwenye kipimo cha Pauling), kwa hiyo molekuli haina upande chanya wala upande hasi wa kuvutana na jirani. Kinachobaki ni kani za London tu: elektroni zinapoyumba upande mmoja kwa kitambo kidogo, zinaziyumbisha za jirani, na pande mbili zinavutana. Ni kama kilojuli 4 kwa moli kwa kila CH2. Ndogo sana.

Usizidharau lakini. Propeni na buteni za mtungi wa gesi... hapana, nisahihishe: propani na butani (hizo nyingine ni familia tofauti) zina kaboni 3 na 4, zinachemka nyuzi 42 chini ya sifuri na karibu na sifuri. Heksani iliyomo kwenye petroli ina kaboni 6, inachemka nyuzi 69. Mafuta ya taa yana kaboni 10 hadi 16 hivi. Nta ya mshumaa ina 20 hadi 40, na tayari ni yabisi inayoyeyuka kati ya nyuzi 46 na 68. Endelea kurefusha mpaka maelfu ya kaboni, unapata dumu la mafuta ya kula, linaloyeyuka karibu nyuzi 130. Atomu ni zilezile, kani ni zilezile, kilichobadilika ni urefu tu. Mshumaa na tenki lako ni ndugu wa damu. Na umewahi kuona gundi inayoshika mshumaa?

Njoo kwenye PVC. Kila kaboni ya pili imebeba klorini, nayo klorini ni mchoyo wa elektroni (3.16). Bondi ya kaboni na klorini ina ncha hasi upande wa klorini na ncha chanya upande wa kaboni. Gundi yenye ncha zake inapata pa kujishikiza.

Mafundi wa uchapaji na upakiaji hulipima jambo hili kwa nishati ya uso, kwa milinewtoni kwa mita. Teflon ni 18 hadi 20, polipropilini 29 au 30, poliethilini 31, PVC 39 au 40, chupa ya PET karibu 43. Kimiminika nacho kina mvutano wake wa uso: maji 72.8, epoksi ya kawaida kama 45, supagluu kama 33. Kimiminika kikiwa na namba kubwa kuliko ya yabisi hakipendi kutandaa, kinajikusanya. Epoksi ya 45 juu ya poliethilini ya 31 ni sawa na maji juu ya jani la mgomba. Kwa macho utaona umepaka, ila chini kuna nafasi ndogo ndogo za hewa kila mahali.

Halafu jua. Poliethilini inatanuka sana, kama sehemu 180 kwa milioni kwa kila nyuzi, kwa sababu hakuna kinachoibana minyororo isisogeane zaidi ya kani hizo dhaifu. Epoksi iliyokauka ina mtandao wa bondi za kovalenti pande zote, inatanuka kama 55. Chukua kiraka cha sentimita 12 na tenki likipanda kutoka nyuzi 20 hadi 50. Plastiki inarefuka milimita 0.65, epoksi milimita 0.2. Kuna karibu nusu milimita ya kuvutana, na kiraka kimekaa juu ya uso ambao hakikuushika tangu mwanzo. Ndiyo maana kimetoka jua lilipowaka.

Supagluu ni vilevile. Magadi soda yanaiharakisha kwa sababu ni besi, na besi ndiyo inayoianzisha kuunganika (kwa kawaida unyevu hewani ndio unaofanya kazi hiyo). Unapata jiwe haraka. Jiwe lililokaa juu ya mshumaa.

---

FundiMrija:

Niongezee upande wa PVC, maana watu wanaiita gundi kwa mazoea tu. Ndani ya kopo mna vimumunyishi (tetrahidrofurani, sikloheksanoni, butanoni) na PVC kidogo iliyoyeyushwa humo. Ukipaka, uso wa bomba na uso wa soketi unalainika, minyororo ya huku inapenya kwa ya kule, kisha vimumunyishi vinavukiza na pale pamekuwa plastiki moja. Ukilipasua kwa msumeno baada ya wiki, huoni vizuri mpaka ulikuwa wapi.

Ndiyo maana kosa la kwanza la mafundi wachanga ni kumwaga gundi nyingi ndani ya soketi. Inajikusanya mkunjoni, haikauki, inaendelea kuulainisha ukuta mpaka unavimba, na presha ikija panapasuka pembeni ya kiungo, si kwenye kiungo. Paka nyembamba kwenye soketi, nene kidogo kwenye bomba. Bomba lazima liwe limekatwa mraba, limekwanguliwa makapi, na kavu kabisa. Sukuma huku ukizungusha robo duara, halafu shikilia sekunde 30, kwa sababu soketi imefinywa kuelekea ndani na italirudisha bomba nje ukiachia mapema. Presha baada ya saa 24. Na gundi iliyoanza kuwa jeli koponi itupwe. Ukiichanganya na tina umeharibu uwiano wa vimumunyishi.

Kwa tenki, nadhani hukukwaruza vya kutosha. Msasa namba 60 au 80 mpaka uso uwe na manyoya, ndipo epoksi. Gundi inapata mahali pa kung'ang'ania.

---

KaboniNne:

Kwenye PVC umemaliza, mkuu. Kwenye msasa nakubaliana nawe nusu tu.

Mikwaruzo inasaidia pale tu gundi inapoweza kuingia mpaka chini ya kila mkwaruzo. Gundi isiyopenda uso inapita juu juu, inaacha hewa kwenye mabonde, na eneo la mgusano linaweza hata kupungua. Faida halisi ya msasa kwenye tenki la nje ni nyingine: unaondoa ngozi ya juu iliyochomwa na jua, ambayo minyororo yake imeshakatikakatika, pamoja na viongezeo vya kiwandani na minyororo mifupi iliyopanda juu. Hiyo ni tabaka dhaifu, na chochote kitakachoishika kitatoka nayo. Kwa hiyo kwaruza, lakini usitegemee manyoya.

Vimumunyishi navyo. Mtu atauliza: kama poliethilini haina ncha na petroli haina ncha, mbona petroli hailiyeyushi dumu, wakati inaliyeyusha povu jeupe la kufungia televisheni kama barafu? Povu hilo ni polistireni, minyororo yake imelala ovyo bila mpangilio, kimumunyishi kinaingia popote. Kwenye dumu, asilimia 60 hadi 80 ya minyororo imejipanga sambamba ikawa fuwele, na fuwele ni mnyororo kukaa karibu na mwenzake kwa urefu wote, kila CH2 ikichangia kilojuli zake 4. Petroli inapenya sehemu zisizo na fuwele, inavimbisha kidogo, inaishia hapo. Kuiyeyusha kunataka zailini ya moto, karibu nyuzi 100, yaani lazima kwanza ulegeze fuwele kwa joto. Hakuna gundi ya kopo itakayofanya hivyo kwenye joto la nje.

---

Kisima_Kirefu:

Hapo kuna kitu hakijakaa sawa. Umesema kani za London ni dhaifu, kisha ukasema zikijumlishwa zinafanya yabisi. Kama kuna kaboni 10,000 kwenye mnyororo, mara 4 ni kilojuli 40,000, zaidi ya mara mia ya bondi ya kovalenti. Basi kwa nini hazitoshi kushikilia kiraka cha epoksi?

---

KaboniNne:

Swali zuri kuliko jibu langu la mwanzo. Hesabu yako ni sahihi, na ina matokeo unayoweza kuyaona: poliethilini haichemki. Baada ya kaboni 85 hivi, kuung'oa mnyororo mzima kutoka kwa wenzake kunagharimu zaidi ya kukata bondi moja ndani yake. Kwa hiyo ukiipasha, inayeyuka, inakuwa nzito kama asali, na ikifika nyuzi 400 na kitu mnyororo unakatika vipande kabla haujaruka hewani. Nta unaweza kuigeuza mvuke. Dumu huwezi.

Sasa kwenye kiraka. Kwanza ni umbali. Kani ya London kati ya molekuli mbili inashuka kwa kipeo cha sita: umbali ukiongezeka mara mbili, nishati inapungua mara 64. Jumla yako ya 40,000 inahesabiwa pale tu kila CH2 inapogusana na jirani. Nafasi ya hewa hata ya nanomita chache imeshafuta hesabu hiyo.

Pili, na hili ndilo kubwa, ni namna ya kuvunja. Ndani ya plastiki, mnyororo mmoja unapita kwenye fuwele hii, unatoka, unajisokota na wengine, unaingia fuwele nyingine. Kuutoa lazima uuvute kwa urefu wake wote, kama uzi uliofumwa ndani ya mkeka. Kiraka cha gundi hakijafumwa na chochote. Unapokibandua, kazi yote inafanyika kwenye mstari mmoja mwembamba ukingoni; mstari huo ukiachia, unahamia unaofuata. Zipu haihitaji nguvu nyingi hata ikiwa na meno elfu. Ndiyo maana kiraka kinachokataa kuteleza ukikisukuma kwa ubavu kinatoka kwa ukucha ukianzia pembeni.

Dawa yake ni moja kati ya mbili. Ama uupe uso ncha za umeme ambazo hauna, ama uifume minyororo. Ya kwanza hufanywa kwa moto: ncha ya ndimi ya bluu ya tochi ya gesi ipite juu ya uso kwa chini ya sekunde moja, bila plastiki kuanza kung'aa. Oksijeni inajipachika kwenye minyororo ya juu kama OH na C=O, na nishati ya uso inapanda kupita 40. Jaribu kwa maji: yakitandaa na kubaki yametandaa nusu dakika, imekubali, yakijikunja kuwa matone, rudia. Paka epoksi ndani ya dakika 20, na usiguse kwa kidole. Moto wa njano usitumie, unaweka masizi. Inafaa kwa kisanduku, kibandiko, mpini wa ndoo. Kuna pia gundi za akriliki za sehemu mbili zenye borani, zilizotengenezwa mahsusi kwa poliethilini na polipropilini, zinashika kweli na bei yake pia inashika.

Kwa ufa wa tenki lenye tani moja ya maji ningeenda kwenye ya pili, kufuma. MotoNaFimbo yuko humu, ni kazi yake.

---

MotoNaFimbo:

Nimeitwa. Huo ufa unachomelewa, mkuu.

Kwanza upate fimbo, yaani plastiki ya kuyeyushia ndani ya ufa. Fimbo lazima iwe poliethilini ya aina ileile. Matenki ya kuzungushwa kwenye moldi ni poliethilini laini ya mstari, inayoyeyuka karibu nyuzi 125. Fimbo bora ni utepe wa milimita 4 uliokatwa kwenye kipande kilichotolewa wakati wa kutoboa tundu la tenki, au ukingo usio na kazi. Dumu la njano linayeyuka pamoja nalo lakini ni zito zaidi likiwa limeyeyuka, halitiririki vizuri kwenye mfereji. Kabla ya yote fanya jaribio: chomelea utepe wa sentimita 3 sehemu isiyo na madhara, acha upoe kabisa, uvute kwa koleo. Ukitoka safi, si ndugu. Ukikatika au ukang'oa nyama ya tenki, endelea.

Mwaga maji, kausha. Tafuta mwisho halisi wa ufa, ambao ni milimita kadhaa mbele ya unapouona; kuukunja ukuta kidogo kutauonyesha. Toboa hapo kwa keekee ya milimita 4 au 5. Tundu la mviringo linaisambaza nguvu iliyokuwa imekusanyika kwenye ncha kali. Usipotoboa, ufa utaendelea chini ya kazi yako. Chonga mfereji wa V, kama nyuzi 60, kina theluthi mbili za ukuta, yaani milimita 4 kwa ukuta wako. Kisha kwangua sentimita 2 kila upande mpaka uone rangi mpya. Mabaki yote ya supagluu na epoksi yatoke, maana hayayeyuki, yatakaa katikati kama mchanga. Pangusa kwa spiriti, anza kazi palepale.

Kama una mashine ya kupuliza hewa moto, iweke nyuzi 260 hadi 280 mdomoni. Pasha mfereji na fimbo kwa pamoja ukiyumbisha mdomo kama pendulamu mpaka vyote viwili ving'ae kama vimelowa. Mng'ao huo ni fuwele zimeyeyuka (kwenye dumu lisilo na rangi ungeona weupe wa maziwa unageuka uwazi kabisa, ni kitu kizuri kukitazama). Fuwele zikiwa bado zipo, minyororo haiwezi kutembea, na fimbo itakaa juu tu kama gundi. Vikishang'aa, kandamiza fimbo ndani. Mwendo ni sentimita 10 hadi 15 kwa dakika, si zaidi. Ukiona kijiuzi chembamba cha plastiki kimejitokeza pande zote mbili za fimbo, pande zote zimeyeyuka. Upande mmoja tu ukitoa, mwingine haujashika.

Wengi hutumia pasi ya kulehemu ya mafundi redio. Inawezekana, shida yake ni joto: isiyo na kidhibiti inapita nyuzi 350, plastiki inafuka moshi na kugeuka kahawia. Moshi ni minyororo inayokatwa, na minyororo mifupi haifumani. Unarudi kwenye nta. Ukiona moshi chomoa, subiri, endelea. Ukimaliza mfereji, weka wavu wa chuma kisichoshika kutu juu ya ufa, uuzamishe kwa pasi mpaka plastiki itoke kwenye matundu yake, ufunike kwa tabaka jingine.

Halafu acha. Usimwage maji kupoza. Plastiki inaposhuka kutoka kuyeyuka inapanga fuwele upya na kunywea. Ukiipoza ghafla nje inaganda wakati ndani bado, na mvutano huo unabaki humo ukisubiri. Ipe saa nzima ijipoeshe yenyewe. Jaza theluthi, kaa saa 3 au 4, kausha nje na upapase. Kisha jaza lote kwa siku nzima.

Mambo mawili ya usalama: tenki lililowahi kubeba mafuta lisisogelewe na moto, mvuke unakaa ndani ya ukuta wenyewe na kuendelea kutoka hata baada ya kuosha. Na ukitaka kuchomelea ndani, usiingie bila mtu nje na hewa ya kutosha.

---

Dada_Maabara:

Kabla hujanunua umeme wa kuchomelea, hakikisha ni poliethilini. Tafuta pembetatu chini au kwenye mfuniko: 2 na 4 ni poliethilini (nzito na nyepesi), 5 polipropilini, 1 PET, 3 PVC, 6 polistireni, 7 mchanganyiko. Haipo? Kata kipande kama punje ya mahindi, kitie kwenye maji yenye tone la sabuni. Poliethilini na polipropilini zinaelea. Polistireni inazama polepole, PVC na PET zinazama moja kwa moja.

Kinachoelea ukikigusisha moto kikanuka mshumaa uliozimwa, ni mojawapo ya hizo mbili. Poliethilini inakwaruzika kwa ukucha, polipropilini haikubali kirahisi. Msizichanganye: zote ni kaboni na hidrojeni, zote hazina ncha, lakini zikiyeyushwa pamoja zinatengana, na kiungo kinabanduka tabaka kwa tabaka. Viti vya plastiki vya kawaida ni polipropilini, na wengi wanavichomelea kwa vipande vya dumu wakidhani plastiki ni plastiki.

PVC usiichome kwenye chumba kilichofungwa. Moshi wake una asidi ya hidrokloriki.

---

FundiMrija:

Na mabomba ya PPR (aina ya polipropilini) ni mantiki ileile ya MotoNaFimbo, ila kwa vipimo: pasi nyuzi 260, bomba la milimita 20 linapashwa sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Kwa 20 na 25 una sekunde 4 tu za kuunganisha baada ya kutoa, kisha dakika 2 bila kuguswa. Ukizungusha unapoingiza, kama ulivyozoea kwenye PVC, umekunja utando ulioyeyuka na kuziba njia ya maji. PVC zungusha, PPR sukuma moja kwa moja.

Nauliza hapohapo: mpini wa sufuria, ule mweusi mgumu, nao unachomelewa?

---

KaboniNne:

Hapana. Huo ni bakelaiti, na ndani yake minyororo imefungwa kwa minyororo kwa bondi za kovalenti pande zote. Hakuna kilichobaki cha kuteleza, kwa hiyo hauyeyuki. Ukizidisha moto unaungua kuwa mkaa. Bomba la PEX (poliethilini iliyofungwa mnyororo kwa mnyororo) na tairi la gari viko kundi hilohilo (tairi ni salfa iliyofunga minyororo ya mpira, ugunduzi wa Goodyear wa 1839). Ila bakelaiti ina OH nyingi usoni, kwa hiyo epoksi iliyokataa tenki inaushika mpini vizuri kabisa. Safisha mafuta tu.

---

Kisima_Kirefu:

Nimeelewa. Kipande kidogo kimeelea na kimenuka mshumaa. La mwisho: kwa nini ufa ulianzia kwenye koneksheni?

---

MotoNaFimbo:

Nina sababu mbili za kushuku, na mara nyingi zinakuja pamoja. Bomba la chuma likining'inia kwenye koneksheni bila kuegemezwa, au nati ikikazwa kwa spana mpaka ikalia, ukuta unakaa kwenye mvutano mchana na usiku. Halafu tenki linaoshwa kwa sabuni ya unga, au fundi anapaka sabuni ya maji kwenye washa (pete ya mpira ya koneksheni) ili iteleze. Sabuni haiiyeyushi poliethilini, ila inapenya kwenye minyororo michache inayounganisha fuwele na fuwele, inapunguza kushikana kwake, nayo inateleza mmoja mmoja kama uzi unaochomolewa. Plastiki ileile bila mvutano isingejali sabuni, na yenye mvutano bila sabuni ingedumu zaidi.

Kwa hiyo unapochomelea, toa koneksheni kabisa. Kama ufa umekula ukingo wa tundu, ziba tundu lote kwa kipande cha duara cha poliethilini, toboa jipya angalau sentimita 15 pembeni. Washa za mpira ndani na nje, kaza kwa mkono kisha robo mzunguko kwa spana, bila sabuni. Sentimita 30 za kwanza za bomba ziwe za mpira unaokunjika, na bomba la chuma lisimame kwenye nguzo yake.